Neno Nililolisikia Mikindu

Uvira, tarehe 27 Juni 1955

Yaya wangu mpendwa Jean-Berchmans, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Pokea salamu nyingi kuliko ndakala, wale dagaa wa soko la Uvira. Mimi mdogo wako Consolate ni mzima. Mume wangu Étienne ni mzima, na watoto nao, isipokuwa huyu mdogo anayeota meno na kutunyima usingizi. Natumaini huko Luvungi mmeamka vema. Mke wako Émérance anaendeleaje na mimba yake? Kikohozi cha binti yako Libérate kimetulia? Na baba huko Katogota, magoti yake yanasemaje tangu mvua zikatike? Dereva wa lori la pamba aliniambia alimwona amekaa mbele ya nyumba anasuka kitunga. Nilifurahi, maana mtu anayesuka hajalala kitandani.

Uliniandikia kwamba barua zangu ni fupi kama za mtu aliyesimama. Leo nimekaa, nimefunga mlango, na mtoto nimempa jirani.

Unajua kwamba tangu mwaka jana nasoma kwenye foyer, ile shule ya wanawake walioolewa, ambako Madame mmoja wa Kibelgiji anatufundisha kushona, kupika na kulea watoto kwa namna yao. Baada ya Pasaka alitutangazia kwamba sisi tuliomaliza mwaka tungepanda meli pamoja naye mpaka Albertville na kurudi, na njiani tungeshinda siku nzima kwenye kisiwa. Tulimwuliza tutaenda kufanya kazi gani huko. Akajibu kwamba hakuna kazi, tunakwenda kutazama. Tukaangaliana. Hakuna kati yetu aliyewahi kusafiri bila msiba, bila harusi na bila mzigo kichwani.

Étienne alikataa kwanza. Alisema mke wa mtu halali melini. Wakati huo huo mzee Alimasi, mfanyabiashara wa vitambaa pale karibu na msikiti, alimwambia binti yake Kadija kwamba ataenda tu kama Consolate anaenda. Kadija ni rafiki yangu. Tunakaa benchi moja, na yeye ndiye aliyenifundisha kukata mikono ya gauni. Ni watu wa dini ya Kiislamu, babu yake alifika Uvira zamani kwa mashua pamoja na wale waliokuja kufanya biashara ya ziwa. Basi Étienne aliposikia kwamba hata mzee Alimasi, mtu mkali vile, ameanza kulegea, aliona aibu kuwa mkali kuliko yeye. Tukaruhusiwa wote wawili.

Tulipanda meli bandarini Kalundu mchana. Yaya, mimi na weye tumekulia bondeni, ziwa tulikuwa tunaliona kama mtu anavyoona ng'ombe wa jirani: unajua yuko, unajua si wako. Meli ilipoondoka nilishika chuma cha pembeni na sikukiachia mpaka Makobola imepita. Milima ya kwetu, ambayo siku zote inatuangalia kutoka juu kama polisi wanavyoangalia soko, ilianza kurudi nyuma na kupungua, na moshi wa mashamba yanayochomwa ukasimama wima juu yake. Nilijisikia kama mtu aliyetoka nje ya nyumba yake kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba ina paa zuri.

Kulipopambazuka tulikuwa tumeipita pua ya rasi ya Ubwari. Nilitoka kunawa uso, nikatazama mbele, na hapakuwa na nchi. Maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja cha rangi ya jivu la baridi, bila mshono. Kisha katikati ya kile kitu kikatokea kisiwa, cheusi kwanza, kisha kijani, na mikindu imesimama juu yake kama nywele za mtu aliyeamka. Ndiyo sababu watu wake wanakiita Mikindu. Wanawake wote walinyamaza, nasi si watu wa kunyamaza.

Meli haiwezi kufika ufukoni pale, mitumbwi ndiyo inakuja kuchukua watu. Agathe, mke wa polisi, mwanamke anayeogopwa na wauza samaki wote wa Uvira, alishika kamba akaanza rozari, na Madame alipomwambia ateremke alimjibu kwamba bado yuko kwenye fumbo la pili. Mimi niliteremka kabla yake. Nilipokaa, nikainama kuangalia chini, na hapo nilipiga kelele kidogo, kwa sababu maji hayakuwepo. Niliona mchanga, mbali chini yetu kama ua unavyoonekana kwa mtu aliye juu ya paa, na kivuli cha mtumbwi wetu kinatembea juu ya ule mchanga pamoja na vivuli vya vichwa vyetu. Tulikuwa tunaning'inia. Mpiga kasia alicheka, akaniambia nisiogope, maji yapo, ni safi tu.

Na samaki, yaya. Sisi tunajua samaki aliyekufa. Pale nilimwona akiwa nyumbani kwake. Walikuwepo wadogo wa buluu, ile buluu tunayotia katika maji ya kusuuzia nguo nyeupe, na wengine wa manjano kama papai lililoiva, na wengine wenye mistari kama pijama ya Étienne. Wanazunguka mawe yao, kila mmoja na kiwanja chake, wakifukuzana kama majirani. Mpiga kasia alinionyesha mmoja mnene aliyesimama kati ya vitoto vingi kama punje za mtama. Akapiga maji kwa kasia. Yule samaki alifungua kinywa, na vitoto vyote vikakimbilia ndani, akafunga. Tulingoja. Maji yalipotulia akavitema tena kimoja kimoja. Kadija alinishika mkono akaniambia polepole kwamba angelisikia habari ile kwa mtu angesema ni mwongo.

Kisiwa kile si kikubwa, unaweza kukizunguka kabla jua halijawa kali. Walituonyesha mawe ya ufukoni ambayo ukiyapiga yanalia kama kengele ya misheni. Walituonyesha pango ambalo maji yanaingia na kutoka yakipumua, na ukisimama mlangoni unasikia pumzi hiyo kifuani mwako. Kisha tulipanda mlima wao mdogo, Agathe naye, akihema, na juu kabisa tuliona ziwa lote. Upande wa kuingilia jua, milima ya Kongo. Upande wa kutokea jua, milima ya watu wa Tanganyika, myembamba kama mstari wa penseli. Kati yake buluu tupu, na meli yetu na mitumbwi yetu ilikuwa si kitu, ni nzi. Madame, ambaye huwa ana neno kwa kila jambo, alivua kofia. Nilimfikiria Mungu siku alipomimina maji yale, kama alijua sisi tutakuja kuyatazama siku moja bila kazi yoyote.

Tuliposhuka, jua lilikuwa la utosi. Wenzetu walikaa kivulini kula wali na samaki wa mikeke wa kuchoma. Kadija alitaka kusali kwanza, akaniomba nimsindikize mpaka mahali penye utulivu. Tukapita nyuma ya nyumba za kijiji, zile za matete na udongo, mpaka penye nyumba moja iliyo peke yake na nyavu zimeanikwa. Ndani mtoto mchanga alikuwa analia. Na mtu akasema, “Ihorere. Ihorere, mwana.”

Yaya, nilisimama. Weye unajua neno hili la Kirundi la kubembeleza mtoto, sote tumelala kwalo. Lakini pale Mikindu wanasema lugha ya Ubwari, na Kiswahili na wageni; hakuna Mrundi hata mmoja, hakuna mtu wa bonde la Ruzizi. Mpiga kasia alikuwa ameniambia kwamba hajawahi kusikia jina la Katogota. Nilidhani labda jua limenipiga. Kadija akaniuliza kuna nini. Mtoto akalia tena, na ile sauti, sauti ya mtu mzee, ikasema tena, “Ihorere.”

Nikaenda mlangoni nikaamkia kwa lugha ile ile, “Amahoro.”

Alitoka bibi kizee mfupi, mtoto begani, uso wake una mashimo ya ndui ya zamani. Alinitazama miguuni, akapanda mpaka usoni. Midomo yake ikatafuta, kama mtu anayetafuta kitu gizani chini ya kitanda, na mwishoni akasema, “Amahoro.” Kisha hakuwa na neno lingine. Akasema kwa Kiswahili kwamba lugha ile imemtoka, imebaki kidogo tu, ya kunyamazisha watoto na ya kuhesabu. Akahesabu mbele yetu, rimwe, kabiri, gatatu, mpaka kumi, akanitazama kama mtoto wa shule anayengoja kuambiwa ni sawa. Nikamwambia ni sawa.

Alitukaribisha, akatupa viti vya chini na maji. Jina lake pale ni Safi. Nilimwuliza jina hilo limetoka wapi, naye akatueleza bila machozi, huku anampapasa mtoto mgongoni, ambaye ni kitukuu chake. Alisema alikuwa msichana mdogo, hajavunja ungo, nyumbani kwao karibu na mto mkubwa wenye viboko. Watu wenye bunduki walikuja asubuhi wakashika watu. Walitembezwa mpaka ziwani, wakatiwa katika mashua iende kusini. Njiani ndui ikaingia. Wale waliougua walitupwa kwenye mchanga wa Mikindu, yeye na wengine wawili, na hao wawili walikufa. Mwanamke mmoja wa kisiwa asiye na mtoto alimkuta, akamwosha kwa maji ya majani. Vidonda vilipokauka akamwita Safi. Akamlea, akamwoza kwa mvuvi. Amezaa, amezika, ana watoto wanne walio hai.

Nilimwona Kadija ameinamisha kichwa. Hakuwa amesali bado. Akasema kwa sauti ndogo, “Bibi, babu yangu alikuja na watu wa mashua. Labda ni yeye.”

Bibi kizee alimtazama machoni. Akamwuliza, “Mutu mwenye alinikamata alikuwa na jicho moja. Babu yako alikuwa na macho mangapi?”

Kadija akasema, “Mawili.”

“Basi si yeye,” akasema bibi. “Nipe hicho kikombe, mutoto iko na kiu.”

Kadija alimpa kikombe kwa mikono miwili. Kisha alitoka nje kusali, na alikawia.

Hapo bibi aliniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Katogota, bondeni. Jina hilo halikumwambia kitu. Akauliza mto wetu unaitwaje, nikasema Ruzizi, akafunga macho. Akasema baba yake alikuwa anavusha watu mto huo kwa mtumbwi, na kiboko alimtafuna mkono wa kushoto, akamwachia vidole viwili, na kwa vidole hivyo viwili alikuwa anashika kasia vizuri kuliko wenye vitano.

Yaya, kama unasoma kwa sauti mbele ya watu, nyamaza hapa, uendelee peke yako.

Nilimwambia, “Jina lake Barandagiye.”

Alimweka mtoto chini kwenye mkeka, polepole. Kisha akauliza swali moja, na alilisema kwa namna ambayo nilijua limekaa ndani yake kabla ya watoto wake wote kuzaliwa. Akasema, “Kulikuwa mutoto mudogo, Nyandwi, nilimwacha ndani ya mtama. Walimukuta? Walimukuta mbele ya fisi kufika?”

Nikasema, “Walimkuta, shangazi. Mimi ni mtoto wake.”

Sitaweza kukuandikia yaliyofuata. Alinishika uso, akaanza kutafuta katika uso wangu kitu alichokijua, akakipata, sijui ni kipi, masikio nadhani. Nilimtajia jina lake, Nizigiyimana, ambalo baba ametufundisha tangu utoto tulitaje katika sala, na alipolisikia alijibu “naam” kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Kisha akaanza kucheka kwa sababu alikuwa ameitika. Wakwe zake walikuja mbio, wanakijiji wakaja, Madame akaja na mashine yake ya foto mkononi na hakuikumbuka mpaka tunaondoka.

Nilimsihi apande meli nasi siku ile ile. Alikataa. Alisema ziwa lilimbeba mara moja na hana hamu ya mara ya pili, na tena binti yake wa mwisho naye amejifungua juzi, nani atamkanda? Alisema kama Nyandwi ana miguu, aje. Kama hana, watafutwe watu wa kumbeba, maana yeye alikwisha kumbeba vya kutosha. Nilipoingia mtumbwini alisimama ndani ya maji mpaka magotini, na yale maji yalikuwa safi hivi kwamba niliona vidole vyake vyote vya miguu juu ya mchanga, mpaka tukawa mbali.

Melini wenzangu waliimba nyimbo za Bikira Maria, lakini Kadija alikaa pembeni. Nilimpelekea chakula kabla jua halijazama. Akaniambia kwamba babu yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, na nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia habari za macho yake, kama ni moja au mawili. “Minye sijui,” alisema. “Nilisema mawili kwa sababu niliona anataka nijibu vile.” Nilikaa naye. Ameniomba, safari ijayo, aende nami, ampelekee bibi kitambaa alichokishona mwenyewe, na nimemkubalia. Naomba na wewe usiwe na neno.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nifunge mlango. Kuna kitu alichoniambia shangazi ambacho bado sijakiandika.

Weye na minye tunajua kwa nini baba hawezi kusikia mtoto analia. Tunajua kwa nini anaacha chakula na kumbeba mtoto wa mtu yeyote, hata njiani, hata wa mgeni. Siku wazee walipogombania shamba, yule baba mkubwa wake alimwambia mbele ya watu kwamba kilio chake ndicho kilichomwuza dada yake. Kwamba walikuwa wamefichwa vizuri katika mtama, yeye akalia, wenye bunduki wakasikia. Baba alikuwa kijana wakati huo. Amelibeba neno hilo mpaka amekuwa mzee. Mwaka ule mama alipokufa, usiku wa matanga, aliniambia kwamba hata mbinguni anaogopa kukutana na Nizigiyimana.

Nilimwuliza shangazi habari hiyo, kwa sababu ilikuwa lazima. Alishangaa. Aliniambia nirudie. Kisha alikasirika, yaya, hasira ya dada mkubwa. Akasema mtoto yule hakulia. Alikuwa amelala mgongoni mwake kama jiwe, mate yanamtiririka shingoni mwake, hata bunduki hazikumwamsha. Wale watu walijipanga mstari, wakaanza kuupiga mtama kwa fimbo wakija, kama watu wanaowinda sungura. Akaona watafika. Akamfungua mgongoni, akamlaza, akamfunika kwa kitunga cha mama yao. Kisha akatambaa mpaka upande wa pili wa shamba, akasimama mahali pa wazi ili wamwone, akakimbia. Walipompata waliacha kupiga mtama.

“Nilitoka minye mwenyewe,” alisema. “Kama alilia, alilia nyuma, wakiisha kunichukua, juu ya kujiona peke yake. Hiyo si kosa. Nani hangelia?”

Basi nenda mwenyewe Katogota, usimtume mtu. Baba akiwa amekaa, mwambie kwanza kwamba hakulia. Habari ya kwamba dada yake yuko hai iwe ya pili. Najua watu wote wangeanza na hiyo ya pili, lakini wewe anza na hiyo ya kwanza, umpe nafasi aisikie vizuri, kisha ndipo uendelee. Meli itapita tena Mikindu mwezi wa nane, shule yako unayofundisha itakuwa imefungwa. Étienne amekwisha kuuliza bandarini. Mlete Uvira, alale kwangu, tutampandisha kwa kiti.

Tena umwone padri. Kila Novemba baba anaomba jina la Nizigiyimana lisomwe katika misa ya marehemu. Mweleze kwa heshima kwamba lisisomwe tena humo.

Nisalimie Émérance, umwambie nimemshonea kanzu ya uzazi. Nisalimie Libérate na wadogo zake, na majirani wa barabarani, na yule mzee wa kanisani anayeimba kwa pua. Mume wa mdogo wako, Étienne, anakusalimu. Kadija anakusalimu. Na shangazi yenu Nizigiyimana, binti wa Barandagiye, anawasalimu nyote. Alinishika mkono akasema niandike kwamba hajambo.

Ni mimi mdogo wako uliyenifundisha kushika kalamu,

Consolate Nkeshimana